Sauti ya Kwanza Kituoni: Kazi ya Mpokea Simu za Dharura za Polisi

Mpokea simu za dharura za polisi ni mtu anayesikiliza taarifa ya aliye hatarini, akaichambua, akaiandika na kuifikisha kwa askari wa doria, kwa zimamoto au kwa hospitali, yote ndani ya dakika chache. Yeye mwenyewe hafiki eneo la tukio, na kamanda wa mkoa anapozungumza na waandishi wa habari jina lake halitajwi. Hata hivyo kila atakayefika huko, awe dereva wa difenda, muuguzi au askari wa zimamoto, hufuata alichokisikia na kukiandika yeye. Akikosea jina la kijiji, gari hushika njia isiyo yake na muda uliopotea haurudi.

Nchini Tanzania kazi hii haina jina moja lililozoeleka mtaani, wala haina mlango wake wa peke yake wa ajira. Hufanywa na askari wa Jeshi la Polisi, kwenye vyumba vya mawasiliano na kwenye kaunta za vituo, kwa zamu za mchana na usiku. Kijana wa Songea anayeitamani hana budi kuelewa kwanza kuwa ni sehemu ya upolisi, kisha kuwa ni ufundi unaohitaji sikio, kalamu na ujuzi wa nchi.

Chimbuko la namba fupi

Namba fupi ya dharura ilitokana na msiba. Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyepiga simu kuwaita zimamoto aliwekwa kusubiri zamu yake pamoja na wapigaji wa kawaida, huku moto akiuona kwa macho. Malalamiko yaliyofuata yalizaa namba 999, iliyoanza kutumika London tarehe 30 Juni 1937. Marekani ilipokea simu yake ya kwanza ya 911 tarehe 16 Februari 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Mwaka 1991 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kuwa na namba moja ya 112, na namba hiyo ikaingizwa pia katika viwango vya simu za mkononi za GSM. Ndiyo maana simu nyingi za mkononi huitambua 112 kuwa ni ya dharura, popote zilipotengenezwa.

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa tarehe 25 Agosti 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto. Leo Jeshi la Polisi Tanzania linatumia 112 kuwa namba yake ya dharura. Pembeni yake zipo ndugu zake: 113 ya TAKUKURU kwa taarifa za rushwa, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Kenya na Uganda nazo hutumia 999 na 112.

Mtu mwenye hofu hakumbuki tofauti za namba hizi. Anayeona nyumba inaungua Lizaboni, mjini Songea, anaweza kupiga polisi, na aliyevamiwa usiku anaweza kupiga zimamoto. Mpokea simu mzuri hamwambii amekosea namba. Huchukua taarifa yote kama ilivyo, humhakikishia kuwa imepokewa, kisha yeye ndiye anayeipeleka panapohusika.

Mkoa mpana, majina yanayojirudia

Ruvuma, mkoa ulimo mji wa Songea, una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 63,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,848,794. Kusini umepakana na Msumbiji, magharibi unagusa Ziwa Nyasa. Kutoka Songea mjini njia kuu huchanua pande tatu: moja hupita Madaba kuelekea Njombe na Makambako, nyingine huenda Mbinga hadi Mbamba Bay, na ya tatu hushika mashariki kwenda Namtumbo, Tunduru na hatimaye Masasi. Baina ya miji hiyo kuna milima, misitu na vijiji vilivyotawanyika, na gari la polisi haliwezi kuwa kila mahali.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpokea simu ni mahali. Huliuliza kabla ya kuuliza kilichotokea, kwa sababu simu inaweza kukatika wakati wowote: chaji ya betri imekwisha, mtandao umepotea au mvamizi amempokonya mpigaji simu. Akishajua mahali, askari wanaweza kuanza safari hata kama mengine hayajulikani bado.

Jibu la swali hilo halipatikani kirahisi. Ndani ya Manispaa ya Songea kuna kata inayoitwa Tanga, jina lililo pia la mkoa mzima wa pwani. Kuna kata ya Ruvuma ndani ya mkoa wa Ruvuma, na kuna Mahenge ya Songea mjini, palipo na Makumbusho ya Majimaji, wakati Mahenge nyingine ni mji wa mkoa wa Morogoro. Majengo na Mjimwema ni majina ya Songea na ya miji mingine mingi. Mpigaji akisema yuko Mjimwema, kazi haijaisha. Lazima aulizwe ni Mjimwema ya wapi, ni mtaa gani, na mwenyekiti wa mtaa ni nani.

Mwaka 2022 Serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi, na barabara nyingi zikapata majina huku nyumba zikibandikwa namba. Mpokea simu anaweza kumwambia mpigaji atazame kibao kilicho juu ya mlango au kwenye kona ya barabara. Hata hivyo wengi bado huelekeza kwa alama: msikiti, kanisa, mnara wa simu, kijiwe cha bodaboda, ghala la mahindi. Anayejua kuwa stendi kuu ya mabasi iko eneo la Shule ya Tanga, uwanja wa ndege uko Ruhuwiko na Soko Kuu liko katikati ya mji huhitaji maneno machache kumpata mtu. Ujuzi huu haufundishwi darasani. Hupatikana kwa kutembea, kwenda doria na kuwauliza wenyeji.

Simu inavyopokewa

Chukulia ajali ya usiku kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, ambako malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka hupishana na mabasi na bodaboda. Mpigaji anapaza sauti: "Afande, watu wanakufa huku!"

"Nakusikia, ndugu yangu. Hapo ulipo panaitwaje?"

"Sipajui, mimi ni abiria tu, tunatoka Mbinga!"

"Sawa. Kijiji gani mmekipita mwisho? Mmevuka daraja? Kuna mtu wa hapo karibu nawe? Mpe simu."

Baada ya mahali, maswali hufuata mpangilio. Nini kimetokea, na kimetokea lini? Waliojeruhiwa ni wangapi, na kuna aliyebanwa ndani ya gari? Kuna moto, au mafuta yanamwagika? Barabara imezibwa? Kisha huja jina na namba ya mpigaji. Likiwa ni tukio la uhalifu huongezwa mengine: wahalifu ni wangapi, wana silaha gani, wamevaaje, wameondoka kwa usafiri gani na wameelekea upande upi.

Kila jibu lina mtu linayemwita. Aliyebanwa ndani ya gari huwaita zimamoto wenye vifaa vya kukatia vyuma. Waliojeruhiwa huhitaji gari la wagonjwa na taarifa kwenye hospitali iliyo karibu, iwe ya Peramiho au ya rufaa ya mkoa mjini Songea, ili wauguzi wajiandae. Barabara iliyozibwa huwahitaji askari wa usalama barabarani. Mafuta yaliyomwagika huleta agizo la papo hapo kwa mpigaji: watu wasogee mbali, asiwepo wa kuvuta sigara, na asijaribu mtu kuchota.

Maagizo kama hayo ni nusu ya pili ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City, Marekani, aliandaa kadi za maswali na maelekezo ambazo mpokea simu huzifuata hatua kwa hatua, ili mpigaji aanze kuokoa maisha kabla gari halijafika. Mfumo wake umeenea nchi nyingi. Kanuni yake inafaa hata pasipo na kompyuta: maelekezo mafupi, moja baada ya jingine, ya jambo ambalo mtu wa kawaida analiweza. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi. Usimwinue anayelalamika shingo. Mtume kijana asimame barabarani na tochi.

Yote haya huandikwa. Kitabu cha taarifa kituoni hubeba saa, jina la mpigaji, maelezo yake na hatua zilizochukuliwa. Maandishi hayo yanaweza kusomwa mahakamani miezi kadhaa baadaye, na saa iliyoandikwa ovyo inaweza kuharibu kesi iliyokuwa na ushahidi wote.

Redio ya upepo

Baada ya simu huja redio. Askari wa doria huitwa kwa redio ya upepo, na lugha yake ni fupi kwa sababu kwenye masafa mamoja mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuzungumza kwa wakati. Anayetaka kusema husikiliza kwanza kama njia iko wazi, hubonyeza kitufe, husubiri kidogo, husema, kisha huachia. Anayepokea hurudia kiini cha ujumbe ili kuhakikisha hakikubadilika. Namba ya gari husomwa herufi moja moja, na majina ya watu waliodhurika hayatangazwi hewani bila sababu.

Mawimbi ya redio hizi husafiri kama mwanga, na kilima huyazuia. Songea imekaa chini ya safu ya Matogoro, na njia ya Mbinga hupanda na kushuka kwenye milima ya Umatengo, hivyo askari wa mawasiliano hujua sehemu ambako gari hupotea hewani na kurudi baada ya kona fulani. Simu za mkononi nazo zina mapengo. Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Pale mtandao usipofika, taarifa hupita kwa mtendaji wa kijiji, kwa polisi kata au kwa dereva wa bodaboda anayetumwa hadi penye mnara. Mpokea simu makini huweka orodha ya watu hao na kuihakiki mara kwa mara.

Simu ngumu

Simu ngumu kuliko zote mara nyingi ndizo za sauti ndogo. Mwanamke anayepigwa nyumbani anaweza kupiga huku mtesaji amesimama mlangoni, akajifanya anazungumza na dada yake. Mpokea simu akihisi hivyo hubadili maswali yawe ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana: Je, yupo hapo karibu? Ameshika kitu? Kuna watoto ndani? Baada ya askari kumtoa hatarini, shauri hupelekwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mlalamikaji husikilizwa faraghani. Mtoto anayepiga huitwa mwanangu, huulizwa neno moja moja, wala hakatiwi simu hata kama hadithi yake haieleweki.

Mkoa wa Ruvuma una dharura zake pia. Katika Namtumbo na Tunduru tembo huingia mashambani na hata karibu na nyumba, na taarifa hiyo lazima iwafikie askari wa wanyamapori wenye mafunzo na vifaa vya kuwarudisha porini. Kwenye mwambao wa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, upepo hubadilika ghafla na mitumbwi ya wavuvi hupinduka. Mzee wa kijijini anaweza kuanza kueleza kwa Kiswahili, kisha hofu ikamrudisha kwenye Kingoni, Kimatengo, Kiyao au Kindendeule. Askari anayeelewa walau lugha moja kati ya hizo ana akiba isiyopatikana chuoni.

Kuna pia simu zisizo za dharura. Aliyepoteza kitambulisho ana mfumo wa polisi wa mtandaoni wa kutoa taarifa ya upotevu. Aliyepokea ujumbe wa matapeli wa "tuma kwenye namba hii" anaweza kuupeleka kwenye 15040. Wapo pia wanaopiga kwa mzaha, na watoto wanaochezea simu ya mama. Kila simu ya aina hiyo inaweza kumzuia mtu anayevuja damu asipokewe, na kumpa mtumishi wa umma taarifa ya uongo kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Njia ya kuingia

Anayetaka kazi hii ndani ya polisi huanza kama askari mwingine yeyote. Jeshi la Polisi hutangaza nafasi kwa vijana wenye elimu ya kidato cha nne, cha sita, astashahada, stashahada na shahada, na maombi hutumwa kupitia mfumo wake wa ajira wa mtandaoni. Masharti yanayojirudia katika matangazo ya miaka ya karibuni ni uraia wa Tanzania wa kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, afya njema iliyothibitishwa na daktari wa Serikali, kutokuwa na rekodi ya uhalifu, kutokuwa na michoro mwilini, kutokuwa na ndoa wala mtoto, na kuwa tayari kufanya kazi popote nchini. Umri huanzia miaka 18, na kikomo hutegemea kiwango cha elimu. Masharti hubadilika kidogo kati ya tangazo na tangazo, kwa hiyo mwombaji hulisoma tangazo lenyewe na kulifuata neno kwa neno.

Tahadhari moja haina budi kusisitizwa. Nafasi za polisi haziuzwi. Anayemwomba mzazi fedha ili mtoto apate nafasi ni tapeli au mla rushwa, na taarifa yake ina pa kwenda: 113.

Waliochaguliwa hupelekwa kwenye mafunzo ya awali, ambayo kwa kawaida hufanyika Shule ya Polisi Tanzania, Moshi. Huko hujifunza kwata, sheria, matumizi ya silaha, upelelezi wa awali na utunzaji wa kumbukumbu. Wanaohitimu huwa konstebo na kupangiwa mikoa. Kijana wa Bombambili, mjini Songea, anaweza kujikuta Kigoma, na wa Kigoma akaletwa Songea, ndiyo maana uwezo wa kulifahamu eneo jipya kwa haraka ni sehemu ya sifa za kazi. Kituoni, askari mpya hupita kwenye lindo, doria na kaunta. Mwenye mwandiko unaosomeka, sauti tulivu na kumbukumbu nzuri huonekana mapema na wakubwa wake, na hapo ndipo safari ya chumba cha mawasiliano huanzia. Kozi za kupanda cheo humfungulia njia ya kuwa koplo, sajenti na kuendelea, na maofisa husomea Chuo cha Taaluma ya Polisi, Dar es Salaam.

Mwanafunzi wa sekondari mjini Songea anaweza kujiandaa kabla ya tangazo kutoka. Jiografia na kusoma ramani vina faida ya moja kwa moja. Kiswahili fasaha husaidia kuandika taarifa isiyo na utata, na Kiingereza humwezesha kumhudumia mgeni na kusoma miongozo. Kompyuta na kuchapa kwa kasi vinaweza kupatikana VETA Songea. Mafunzo ya huduma ya kwanza yana thamani ileile, na nidhamu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lina kambi yake Mlale mkoani humo, huzoesha mwili na akili maisha ya amri na zamu.

Uzito wa kazi

Mpokea simu husikia mambo ambayo hawezi kuyafuta. Husikia kilio kikikatika, na mara nyingi hajui mwisho wa tukio kwa sababu simu nyingine imeshaingia. Zamu za usiku huvuruga usingizi na chakula, na hasira za wapigaji humwangukia yeye kana kwamba ndiye aliyechelewesha gari. Mkuu mwenye busara humpa askari wake nafasi ya kueleza aliyoyasikia baada ya tukio zito, humpumzisha na kumpa taarifa ya mwisho wa shauri. Kumwona daktari wa afya ya akili au mshauri nasaha ni sawa na kutibiwa malaria, na askari anayefanya hivyo mapema hudumu kazini muda mrefu zaidi.

Uzito mwingine ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, lakini hata kabla yake maadili ya polisi yalikataza kusimulia mtaani yaliyosikika kituoni. Katika mji ambao watu wanafahamiana, neno moja lililoponyoka linaweza kumfanya mwanamke aliyepigwa asipige tena simu maishani.

Milango jirani

Asiyefanikiwa kuingia polisi, au asiyevutiwa na silaha na kwata, anaweza kufanya kazi ya namna hii kwingine. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo huajiri askari, na wapokeaji wa 114 hufuata kanuni zilezile za mahali kwanza na maelekezo mafupi. Katika sekta ya afya upo mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022. Mtumishi wa afya kwenye kituo cha uratibu cha mkoa hupokea simu ya 115, humpima mgonjwa kwa maswali yanayoongozwa na programu ya kompyuta, kisha hutuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama hospitalini. Anayesomea uuguzi au utabibu ana njia ya kufika huko. Wenye taaluma ya ustawi wa jamii na saikolojia wanahitajika kwenye huduma kama ya 116.

Katika huduma zote hizi kipimo cha mpokea simu ni kilekile: muda uliopita tangu simu ilipoita hadi msaada ulipoelekezwa mahali sahihi, na heshima aliyopewa mpigaji katika muda huo. Nchi inayowekeza kwenye magari, minara na mitambo inapaswa kuwekeza kiasi hichohicho kwa anayeshika simu: mafunzo ya kazi hiyo mahususi, idadi ya kutosha ya watu kwenye kila zamu, na ngazi ya kupanda cheo inayomruhusu mtu aliyebobea abaki kwenye kazi anayoijua.